Aonekane Kwanza, Ndipo Afunikwe

Juzi binti wa jirani yangu hapa Kiseke alinijia amempakata mbwa mdogo mweupe. Alikuwa anahamia Kampala na alitaka kwenda naye. Chanjo tayari, vyeti tayari, na tundu la plastiki lenye mlango wa waya alikuwa ameshalinunua. "Shikamoo bibi. Mama anasema zamani ulikuwa unapitisha wanyama bandarini. Nifanyeje asinisumbue njiani?" Nikamwambia marahaba, kaa chini. Akakaa ukingoni mwa kiti, jicho moja kwenye simu, na nilipofika katikati ya maelezo akaniaga kwa heshima zote. Vijana mna haraka, siwalaumu, hata mimi nilikuwa nayo. Ila maelezo yaliyobaki yamenikaa kooni, na kwa kuwa mbwa yule ameshaondoka, nayaandika kwa ajili yenu mliobaki.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo katika bandari ya Mwanza, miaka ile ya tisini ambayo watu waliita enzi za ruksa. Mitumba ilijaa Kirumba, viwanda vya sangara viliota kando ya ziwa, na huku wengine wakipunguzwa kazi wengine walipata biashara ambazo baba zao hawakuziota. Watu walihama sana. Mtu akihama hubeba kinachompenda, na mara nyingi kinachompenda kina mkia.

Kibanda changu kilikuwa kati ya ghala la forodha na mizani ya mizigo. Kilikuwa na meza ya mbao, kasha la barafu la kuhifadhia chanjo, ndoo ya maji na benchi moja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Kila chenye miguu minne au mabawa kilichotaka kuvuka ziwa kwenda Port Bell kule Uganda au Kisumu kilipita mezani pale. Cheti kilisainiwa na daktari ofisini mjini, lakini aliyemshika mnyama ni mimi, na aliyeng'atwa ni mimi. Wasafiri waliniita Dokta. Mwanzoni nilikataa, baadaye nikachoka kukataa, na mwishoni nikaanza kuitika.

Chuoni nilifundishwa ng'ombe. Nilijua minyoo yake, kupe wake, hata mwendo wake akiwa na homa. Kuhusu paka anayekwenda nje ya nchi kwa meli hakuna mwalimu aliyenieleza chochote. Hilo nilifundishwa na Mzee Magesa, mtu wa Ukerewe, msimamizi wa mizigo melini. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na alivaa kofia ya sufu hata jua la Januari likipasua mawe ya Mwanza. Usemi wake mmoja nilikuwa nao kila siku: "Ziwa halina daraja la kwanza, binti." Alimaanisha kwamba wimbi likija haliulizi tiketi, na tumbo la mbwa wa mkubwa hugeuka sawasawa na la mbwa wa mchunga ng'ombe.

Somo la kwanza alinipa kwa sababu ya Padri mmoja aliyekuwa anahamishiwa Uganda na mbwa wake mkubwa wa kahawia. Masista wa jikoni walimpenda yule mbwa kupita kiasi. Asubuhi ya safari wakaona wamuage kwa heshima, wakampa kichwa kizima cha sangara na mchuzi wake, na juu yake maziwa. Nilimpima gatini, nikamwona mzima, anang'aa, amejaa furaha. Meli ilipotoka kwenye ghuba na kukutana na mawimbi, alirudisha kichwa, mchuzi na maziwa juu ya magodoro ya mfanyabiashara mmoja wa Bunda, na Padri akashinda safari nzima akifua na kuomba radhi. Mzee Magesa aliporudi hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi langu la tofali akaniambia, "Mnyama wa safari hashibishwi, binti. Maji kidogo, na kipande cha chakula jana yake. Anayempenda amsubirishe na njaa." Mpaka leo nikiona watu wanawalisha mbwa wao biskuti kituo cha basi, mkono wangu unataka kunyoosha kidole.

Kisha kuna jambo la nguo. Weka ndani ya tundu nguo uliyoivaa, isiyofuliwa, yenye jasho lako. Mnyama haelewi kwamba mnakwenda Kampala kwa mjomba. Anaelewa harufu yako iko au haiko. Nilimweleza hivyo mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, mwenye kijibwa chenye manyoya mpaka machoni. Akaniitikia vizuri, akaenda nyumbani, akaona aibu kuleta nguo chafu mbele ya watu wa forodha. Akaleta kitenge kilichofuliwa, kikapigwa pasi, kikanyunyiziwa marashi. Kijibwa kilipiga chafya na kulia usiku kucha, na abiria wa daraja la tatu wakashuka Port Bell na macho kama ya watu waliokesha msibani. Usafi ni jambo jema, wanangu, lakini una mahali pake.

Wala msidhani niliokuwa nikiwahudumia walikuwa wenye pesa peke yao. Palikuwa na fundi redio wa Kirumba aliyefuga njiwa, na aliwapenda njiwa wale kuliko alivyowapenda wateja. Alipopata kibanda cha kazi Kampala aliwatia kwenye tenga akaja nao. Nikamwambia mbele ya Mzee Magesa, usifungue tenga hilo kabla hawajakaa huko miezi na kuzoea. Akaniambia, "Dokta, hawa ni wanangu." Meli haijamaliza hata kuupita mji, mapaa ya Kirumba bado yanaonekana, akawaonea huruma kwa kiu akalegeza kifuniko. Wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakazunguka juu ya mlingoti, wakashika njia ya kwao. Fundi akaenda kumwomba nahodha ageuze meli. Mzee Magesa akamshika bega akamwambia, "Wenzako wameshafika nyumbani. Wewe ndiye bado."

Nacheka ninapoandika haya, lakini ninapokumbuka gati lile moyo wangu unalegea. Naikumbuka honi ya kwanza, wapagazi wakiimba chini ya magunia, harufu ya dagaa iliyogoma kutoka kwenye sare yangu hata kwa sabuni ya mche. Niliipenda kazi ile. Sikuwahi kusema hivyo nilipokuwa kazini, kwa sababu kazini mtu husema amechoka.

Sasa nije kwa Bibi Minza, maana ndiye niliyekuwa nataka yule binti amsikie.

Ilikuwa siku ya meli ya Port Bell, na foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mizani. Katikati ya foleni alisimama mwanamke kijana aliyesuka vizuri, amemshika mkono bibi kizee. Bibi alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, anatazama chini, na amekumbatia kapu lililofunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba. Kwenye pindo la kitambaa michembe ilikuwa inachungulia, vile viazi vya kukausha vya kwetu Usukumani. Hakuna aliyewajali. Bibi anayekwenda kwa bintiye na michembe ni jambo la kila wiki.

Bahati mbaya mbele yao palipangwa magunia ya dagaa. Kapu likalia.

Lililia mara ya pili, kwa sauti ndefu, na mwanamume aliyekuwa nyuma yao akaruka. "Kuna nini humo?" Bibi akashtuka, kanga ikateleza, na watu wakayaona macho yake. Yalikuwa mekundu, mekundu kabisa, kope na vyote.

Ninyi wa sasa pengine hamjui uzito wa jambo hilo. Siku zile, katika vijiji vyetu, bibi kizee mwenye macho mekundu alikuwa ameshahukumiwa nusu. Akiwa na paka ndani, na mtoto wa jirani akiugua, hukumu ilikuwa imekamilika, na waliokuja kuitekeleza walikuja na mapanga. Nami nilijua macho yale yanatoka wapi. Kwetu miti iliisha, mama zetu wakapikia samadi iliyokaushwa, na moshi wa samadi unachoma macho mwaka baada ya mwaka. Mama yangu mzazi alikuwa na macho ya namna ileile. Alifia kitandani kwake kwa sababu alikuwa na watoto wengi wa kiume na ukoo mkubwa. Bibi yule alikuwa na binti mmoja tu, ambaye ameolewa ng'ambo ya ziwa.

Foleni ilifunguka, bibi na bintiye wakabaki peke yao katikati. "Meli haiondoki na huyu," alisema mtu. Mwingine akasema, "Tumekosa nini tuzamishwe?" Mlinzi wa geti akaja kwa hatua kubwa, na niliona kwamba anachotaka ni kumtoa bibi nje ili kelele ziishe. Binti akanikimbilia. Aliniona nimevaa koti jeupe, akadhani nina mamlaka.

"Dada, nakuomba, asirudishwe," alininong'oneza. "Nimemtoa kijijini jana. Walishasema wataingia kwake, nikamkuta analala porini. Akirudi hawatamwacha. Nilimwambia amwache paka, amekataa kabisa. Nikaona nimfiche ili watu wasiseme."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwaingiza kibandani haraka na kufunga mlango. Nilishaushika. Ndipo nikamwona Mzee Magesa anashuka ngazi ya meli kwa mwendo wake uleule wa taratibu. Akanifikia, akaniambia chinichini, "Usifunge. Kilichofichwa kikilia, watu watakiita jini. Kikiwa mezani ni paka tu. Toa meza nje."

Tukaibeba meza, yeye upande huu na mimi upande ule, tukaiweka juani mbele ya watu wote. Nikamwendea bibi, nikapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa. "Mwadila, mayu," nikamwamkia kama mtu anavyomwamkia mama yake. Alinitazama kwa muda kabla ya kuitika, nadhani alikuwa hajasalimiwa siku nyingi. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba mimi ni mtu wa mifugo, kila mnyama anapita kwangu, na wake atapita kama wengine. Nikamwomba afungue kapu mwenyewe.

Michembe ikatolewa kwanza. Chini yake alikuwa paka wa rangi ya majivu, mwembamba, sikio moja limechanika, amekasirika kama abiria yeyote aliyewekwa chini ya viazi. Watu wakarudi nyuma tena. Nikamshika shingoni, nikamlaza, nikaanza kazi yangu. Ila siku ile niliifanya kwa sauti ya mnadani.

"Macho, safi. Masikio, moja limechanika, ugomvi wa zamani. Meno, yapo, na haya makucha yapo pia, mmeyaona kwenye mkono wangu. Mimba hana, ni dume."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile nilikipokea kama maji ya kunywa. Nikaichukua sindano ya kichaa cha mbwa, nikaipandisha juu ili waione, nikamchoma polepole. Paka akapiga ukelele na kujaribu kujificha kwapani mwangu.

"Jini gani huyu anaogopa sindano," alisema Mzee Magesa, kama anajiambia mwenyewe.

Nikachukua kalamu. "Jina la mnyama?"

Binti akafungua mdomo, lakini nikamzuia kwa mkono, nikamtazama bibi.

"Jirani," alisema.

Nikamuuliza kwa lugha yetu, mbona jina hilo. Akanijibu kwa lugha hiyohiyo, kwa upole, "Wale wengine waliacha kuja." Hilo sikulitangaza. Niliinama juu ya karatasi mpaka macho yangu yakakauka, kisha nikaita kwa nguvu, "Paka, dume, anaitwa Jirani. Mwenye mnyama?"

"Minza," alisema. "Minza ng'wana Lugoye."

Nilikuwa nimesikia. Nikamwambia, "Sema tena, mayu, huku kuna kelele." Akaishusha kanga kutoka mdomoni, akainua kichwa, akalitaja jina lake na la baba yake mpaka mtu wa mizani akageuka.

Kwetu, mnaijua hiyo, ng'wana fulani ni mtoto wa fulani. Ukishamtaja baba, mtu huyo ana nyumba, ana shamba, ana makaburi ya kwao. Kule nyuma ya foleni alikuwepo mzee mmoja mwenye fimbo na kuku wawili aliowafunga miguu. Akasogea mbele, akauliza, "Lugoye yupi? Yule mpiga ngoma?"

"Ndiye baba yangu," alijibu bibi.

"Yule aliyekuwa anatupigia ngoma tukilima?"

"Ndiye."

Mzee akaweka kuku wake chini. "Shamba la babu yangu lililimwa kwa ngoma ya baba yako. Nilikuwa mdogo, nabeba maji ya wakulima. Hakuna aliyehisi jua siku Lugoye akipiga." Akamsalimia upya, salamu ndefu ya kwetu ya kuulizana ya nyumbani, mifugo na mvua, na bibi akaziitika zote mpaka ya mwisho. Kisha mzee akasimama pale kando yake, akaegemea fimbo yake, akawatazama waliokuwa wanapiga kelele.

Sitawadanganya kwamba wote waligeuka. Mama mmoja alichukua mizigo yake akaenda mwisho wa foleni, na mwanamume yule aliyeruka hakurudi karibu. Lakini foleni ikajifunga, na aliye kwenye foleni ni abiria. Mzee Magesa akampigia mlinzi kelele kwamba magunia yake ya mchele yanatobolewa na panya kila safari, na kama kuna abiria anayejua kuwakamata bure, yeye atamlaza ghalani mwa meli na kumshukuru. Mlinzi akarudi getini kwake.

Honi ya kwanza ilipolia nikamrudisha Jirani kapuni. Bibi Minza akavua kanga ya pili aliyojifunga kiunoni, ile yenye jasho na moshi wa jikoni kwake, akaitandika chini ya paka bila kuambiwa na mtu. Hapo ndipo Mzee Magesa aliponigeukia. "Sasa mfunike. Ngazi inatisha. Aonekane kwanza, ndipo afunikwe." Bibi akanipa ile kanga ya kichwani, nikalifunika kapu nayo.

Nimesoma vitabu vyenu vipya, na vinasema funika tundu la paka ili atulie. Ni kweli, sina ugomvi na vitabu. Ila fungueni kwanza. Popote mtakapompitisha mnyama wenu, iwe ni mpakani, stendi au kwenye ndege, mtoeni, watu wamwone, mtaje jina lake na la kwenu, mumruhusu hata mtoto wa kiti cha jirani amguse. Mtu huogopa asichokiona. Nilikuja kutambua miaka mingi baadaye kwamba somo lile halikuwa la wanyama peke yao, na nilipolitambua nilimlilia mama yangu, ambaye alijitanda kanga vilevile kila alipokwenda gulioni.

Meli iliporudi nilikuwa gatini kabla haijafungwa kamba. Nilimuuliza Mzee Magesa hata kabla ya kumwamkia, na aliniacha nimalize aibu yangu ya kutomwamkia ndipo akakaa kwenye benchi. Paka, alisema, alifanya kazi mpaka asubuhi, na mchele ulifika salama. Bibi alilala sitahani kando ya mzee mwenye kuku, wakizungumza habari za watu waliokwisha kufa.

Walipofika Port Bell asubuhi, Mzee Magesa alimletea kapu likiwa limefunikwa vizuri kama alivyonifundisha. Bibi Minza akashuka nalo ngazi akiwa ameshikwa mkono na bintiye. Chini alisimama, akaiondoa kanga iliyofunika kapu, akaikung'uta, akajitupia mabegani. Kichwa chake kilikuwa wazi na uso wake ulikuwa wazi, na Jirani naye alikuwa ametoa kichwa. Kisha akaanza kuwasalimia watu waliokuwa pale gatini, wapagazi, wauza chai, askari, mmoja baada ya mwingine: mwangaluka, mwangaluka. Hakuna aliyejua Kisukuma pale, alisema Mzee Magesa, lakini wote waliitika.